UZI: Samuel Colt hakubuni silinda ya kuzunguka. Shida ya rivolva ilikuwa moto

KaratasiKuukuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi kwenye uzi mmoja humu mtu kaandika kwamba rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ilibuniwa na Samuel Colt mwaka 1836, na wote waliofuata wakaitikia. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nikaona bora nifungue wa kwangu. Haya mambo ya silaha za kale nayasoma tangu niko sekondari. Silaha sina na wala siitaki. Ninachokipenda ni ufundi wake, namna watu walivyohangaika karne tatu na ushee na jambo ambalo leo ukilitazama unaliona jepesi.

Jambo lenyewe ni hili. Bunduki ya kushindilia inakupa risasi moja tu. Ukikosa, unaanza upya: umimine baruti, uweke risasi, uchomoe mdeki (fimbo ya kushindilia), ushindilie, urudishe mdeki, utie baruti ya kuwashia. Mwenye mkuki au upinde hakungoji umalize. Kwa hiyo watu waliwaza mapema sana: kwa nini risasi tano au sita zisikae pamoja kwenye gogo moja la chuma lenye vyumba, likazunguka nyuma ya mtutu mmoja, zikapokezana zamu? Wazo hilo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Mafundi wa Kijerumani walikuwa wanatengeneza silaha za namna hiyo tangu karne ya 16.

Mwaka 1718 huko London, mwanasheria mmoja jina lake James Puckle alipewa hataza (hati ya kulinda ubunifu) ya bunduki kubwa ya kusimama kwenye miguu mitatu, yenye silinda unayoizungusha kwa mkono. Mwaka 1722 walipoijaribu hadharani, mvua inanyesha, ilipiga risasi 63 kwa dakika 7. Katika hataza yake Puckle alieleza kwamba risasi za duara ni za kuwapigia Wakristo na za pembe nne ni za kuwapigia Waturuki, maana aliamini za pembe nne zinaumiza zaidi. Kila nikifika hapo huwa natulia kidogo. Fundi hodari kiasi kile, na akili yake ikaenda kupima nani aumie zaidi.

Sasa swali: kama silinda ilikuwepo miaka yote hiyo, kwa nini askari wa 1800 bado alikuwa anashindilia risasi moja moja?

Jibu limo kwenye Kiswahili chetu, na ndiyo sababu nikasema uzi huu niuandike. Wazee wa pwani walizipa bunduki majina kwa namna zinavyowashwa. Ya kwanza ni bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi unaofuka. Ya pili ni gumegume, jiwe linalogonga chuma likatoa cheche. Ya tatu ni bunduki ya fataki, na baadaye zikaja za viasi, yaani risasi iliyofungwa tayari pamoja na baruti yake kwenye ganda. Yaani lugha yetu imeipanga historia yote kwa moto wake, na kwa rivolva huo ndio mpangilio sahihi.

Fikiria gumegume yenye silinda. Cheche zinaangukia kisahani chenye baruti laini, moto unapita kwenye tundu hadi ndani ya chumba. Ukizungusha silinda kuleta chumba kinachofuata, kile kisahani kishateketea, unatakiwa kutia baruti tena. Ukiamua kila chumba kiwe na kisahani chake, ukiinamisha silaha baruti inamwagika. Upepo, mvua, jasho, vyote ni adui.

Aliyefika mbali zaidi kwa njia hii ni Elisha Collier, mtu wa Boston aliyekwenda kuchukua hataza yake Uingereza mwaka 1818. Aliweka kijaluba kinachodondosha baruti ya kuwashia chenyewe kila unapofunga kisahani. Tena akafanya jambo ambalo naomba mlikumbuke, nitalirudia mwishoni: silinda yake ilisukumwa mbele ikakumbatia kitako cha mtutu, ili moto usivuje kwenye mwanya. Kazi safi sana, lakini ya mikono mitupu na ghali, na silinda bado ulikuwa unaizungusha kwa vidole.

Kilichofungua mlango kilitoka kwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth alihudumu Belhelvie, Scotland, na alipenda kuwinda ndege. Gumegume hutoa mwako kabla ya mlio, na ndege wakiuona wanaruka kabla risasi haijafika. Akahangaika na kemikali zinazolipuka kwa kugongwa tu, bila cheche, na mwaka 1807 akapata hataza. Kufika miaka ya 1820 wengine walikuwa wameiweka kemikali hiyo ndani ya kikofia kidogo cha shaba, kidogo kuliko ncha ya kidole changu cha mwisho. Hiyo ndiyo fataki.

Hapo kila kitu kikabadilika. Kila chumba cha silinda sasa kinavaa fataki yake mgongoni. Moto wake kinatembea nao. Zungusha utakavyo, inamisha utakavyo, hakuna cha kumwagika. Mimi nikiulizwa rivolva ilizaliwa lini, naitaja siku fataki ilipovalishwa silinda.

Naomba nipumzike, nikirudi namleta Colt.

---

Fundi Gerezani

Mkuu nondo nzito. Mimi ni fundi vyuma, historia siijui. Lakini kama silinda ilikuwepo na fataki ilikuwepo, huyo Colt sifa zote hizo kazipatia wapi?

---

KaratasiKuukuu

Fundi, hilo ndilo swali.

Kabla yake pitia kwanza ile bastola ya mitutu mingi. Badala ya silinda na mtutu mmoja, wao walifunga mitutu mizima mitano au sita kama shada, yote ikazunguka. Marekani walizipa jina la kidumu cha pilipili, maana kwa mbele zinafanana na kichupa cha kunyunyizia pilipili manga. Ethan Allen wa Massachusetts alizitengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1830. Unavuta kifyatulio tu, mitutu inazunguka na nyundo inapiga. Zilikuwa rahisi na zinabebeka mfukoni, ila mbele nzito mno, kulenga shabaha ni bahati.

Colt alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1814. Akiwa na miaka 16 alipanda meli iitwayo Corvo kutoka Boston kwenda Calcutta. Inasimuliwa kwamba huko baharini aliutazama usukani wa meli, au ile roda ya kuvutia nanga, akaona jinsi unavyozunguka kisha unakaza mahali pake, akachonga mfano wa mti kwa kisu. Mfano wa mti upo kweli. Kuhusu usukani, hiyo ni simulizi aliyoipenda mwenyewe, na yule bwana alikuwa bingwa wa kujinadi. Ili apate pesa za kumlipa fundi alizunguka miji ya Marekani akijiita Dakta Coult, anawavutisha watu hewa ya kuchekesha kwa kiingilio. Pesa hizo zilikwenda kwa John Pearson, fundi wa Baltimore, aliyetengeneza zile za mwanzo kwa mikono yake, tena akilalamika malipo hayaji kwa wakati. Pearson watu hawamtaji, na mimi huwa inaniuma.

Mchango wa Colt kwenye mashine yenyewe ni huu. Ukikoki nyundo, yaani ukiivuta nyuma, kwa dole gumba, kidole cha chuma kilichounganishwa nayo kinasukuma jino lililo nyuma ya silinda, silinda inasogea chumba kimoja. Wewe fundi unaijua friwili ya baiskeli, ule ulimi unaodandia meno ukisikia ta-ta-ta. Ni ndugu yake. Kisha komeo dogo linaruka kutoka chini na kuikaba silinda isitikisike, chumba kikiwa sambamba kabisa na mtutu. Tendo moja la dole gumba limefanya kazi tatu: kukoki, kuzungusha, kufunga. Alichukua hataza Uingereza mwaka 1835, na Marekani tarehe 25 Februari 1836.

Na hakuficha kwamba silinda si yake. Novemba 1851 alisimama mbele ya taasisi ya wahandisi wa Uingereza pale London akatoa mada, na humo akaonyesha michoro ya silaha za kale zenye silinda, zikiwemo zilizohifadhiwa kwenye Mnara wa London. Alisema aliziona baada ya kubuni yake. Kwa hiyo wanaodai alibuni silinda wanadai kuliko alivyodai mwenyewe.

Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Paterson, New Jersey. Bastola za huko zilikuwa za risasi tano, kifyatulio kimejificha ndani na hujitokeza ukikoki. Jeshi halikuvutiwa, na mwaka 1842 kiwanda kikafa.

---

Binti Ngamiani

Kaka shikamoo. Niliwahi kusoma kwamba bastola hizo ndizo zilizowamaliza Wakomanche, wale wenyeji wa asili, kule Texas. Ni kweli? Na ile kubwa iliyokuwa inapasuka ndiyo ipi?

---

KaratasiKuukuu

Marahaba dada.

Texas ilikuwa bado jamhuri yenye jeshi lake la majini, na mwaka 1839 jeshi hilo lilinunua bastola za Paterson. Baadaye zikaangukia mikononi mwa askari wa farasi wa mpakani walioongozwa na Jack Hays. Mpaka hapo Mkomanche akiwa juu ya farasi alikuwa anamzidi mzungu mwenye bunduki bila ubishi. Huyu akipiga mara moja anabaki kushindilia, yule anamimina mishale. Juni 1844, kwenye kijito ambacho leo wanakiita Walker's Creek, Hays na watu wapatao 15 walikutana na Wakomanche wapatao 70 au zaidi. Safari hii mzungu alipopiga risasi ya kwanza hakushuka kushindilia, alisogea na farasi wake akapiga ya pili, ya tatu. Wakomanche walipoteza watu wengi.

Kuwamaliza, hapana. Walipigana miaka thelathini zaidi, na kilichowavunja hasa ni maradhi, kuuawa kwa nyati na wingi wa walowezi. Lakini siku ile mizani iliinama, na wao ndio waliokuwa kwenye ardhi yao. Vitabu vingi vinausimulia mkasa huu kama sherehe. Mimi sioni cha kusherehekea.

Katika mapigano yale alikuwepo Samuel Walker, ambaye mwenyewe alichomwa mkuki akapona. Marekani ilipoingia vitani na Mexico mwaka 1846, Walker akamwandikia Colt kuhusu bastola zile, wakakaa pamoja kutengeneza mpya. Serikali ikaagiza 1,000 mwaka 1847. Colt hakuwa na kiwanda, akampa kazi Eli Whitney mtoto, kule Whitneyville, Connecticut.

Hiyo ndiyo kubwa unayoiulizia. Risasi sita, kipenyo cha inchi 0.44, mtutu wa inchi 9, uzito kilo mbili na kitu. Ile si bastola ya kiunoni, ilibebwa kwenye mfuko wa tandiko la farasi. Kila chumba kilimeza hadi gramu 4 hivi za baruti, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Chuma cha wakati ule hakikuwa na ubora sawa kipande kwa kipande, silinda zikawa zinapasuka mikononi mwa askari. Kasoro nyingine ni kwamba mshindo ulikuwa unaiangusha ile wenzo ya kushindilia iliyo chini ya mtutu. Zilitengenezwa kama 1,100 tu. Walker mwenyewe aliuawa Huamantla, Mexico, Oktoba 1847. Mwaka uliofuata Colt akaipunguza silinda, akatoa nyepesi kidogo kwa askari wa farasi, na safari hii kiwanda kilikuwa chake, Hartford.

---

Fundi Gerezani

Sasa hizo za fataki zilikuwa zinajazwaje? Maana unasema silinda, lakini baruti bado ni ya kumimina.

---

KaratasiKuukuu

Twende taratibu, chukua mfano wa Colt ya 1851, ile ya inchi 0.36.

Unavuta nyundo nusu, silinda inalegea inazunguka huru. Mtutu unaangalia juu. Unamimina baruti kipimo kwenye chumba cha kwanza, juu yake unaweka gololi ya risasi, ya duara, na kwa makusudi ni kubwa kidogo kuliko chumba. Unazungusha mpaka iwe chini ya wenzo, unakandamiza. Risasi inaingia kwa nguvu na ukingo wa chumba unaikwangua: pete nyembamba ya risasi inabaki juu ya silinda, inang'aa kama fedha. Ukiiona pete hiyo unajua chumba kimeziba. Unarudia vyumba vyote. Kisha unapaka mafuta mazito ya mnyama juu ya kila risasi. Mwisho kabisa unavalisha fataki, moja moja, kwenye chuchu za chuma nyuma ya silinda.

Mafuta yale yalilainisha uchafu wa baruti, na wengi waliyategemea kuzuia lile wanalolihofia wote: moto wa chumba kimoja kurukia jirani, vyumba viwili au vitatu vikalipuka kwa pamoja, na vile vya pembeni havina mtutu mbele yake. Pete ya risasi iliyoziba vizuri na fataki iliyokaa sawasawa ndivyo vilivyokulinda hasa.

Jumla ya kazi hiyo ni dakika kadhaa. Ndiyo maana watu walibeba bastola mbili, na wenye Remington, rivolva nyingine ya Marekani, walipenda silaha yao: fremu yake imefunga juu ya silinda kama daraja, ni imara, na silinda unaichomoa upesi ukaweka nyingine iliyojazwa tayari.

---

Mwanahistoria Mstaafu

Mleta uzi unamtaja Colt tu. Waingereza mbona walikuwa na Adams? Na wengine wanasema ilikuwa bora.

---

KaratasiKuukuu

Mzee wangu, nilikuwa nakuja huko.

Mwaka 1851 London kulikuwa na Maonyesho Makubwa ndani ya jumba la vioo pale Hyde Park. Colt alipanga mamia ya bastola ukutani. Robert Adams naye alikuwepo na yake. Ya Adams fremu na mtutu ni chuma kimoja, wakati Colt ilikuwa wazi juu, mtutu umeshikiliwa kwa kabari. Ya Adams huna haja ya kuikoki, unavuta kifyatulio tu, kila mvuto ni risasi. Kwa mapambano ya uso kwa uso hiyo ni faida kubwa. Ubaya wake, mvuto mzito unayumbisha mkono, na shabaha ya mbali inapotea. Mwaka 1856 ofisa mmoja wa jeshi, Beaumont, akaifanyia marekebisho ikawa unaweza kukoki kwa dole gumba au kuvuta moja kwa moja, upendavyo. Jeshi la Uingereza likaichukua. Colt alikuwa amefungua kiwanda London kando ya Thames mwaka 1853, na baada ya miaka michache akakifunga.

Kwa silaha yenyewe, mimi naipa ushindi Beaumont-Adams. Lakini Colt hakushinda kwa silaha. Alishinda kwa mashine. Msimamizi wake Elisha Root alipanga mitambo ya kukata na kutoboa, kila mashine kazi moja, kiasi kwamba vipande vilitoka karibu sawa na kumalizia ndiko kulikobaki kwa tupa na mkono. Adams alikuwa anategemea zaidi mafundi stadi kama wewe Fundi. Ukitaka mia, Adams. Ukitaka laki mbili, Hartford. Na laki mbili na zaidi za muundo wa 1851 zilitoka kweli.

---

Binti Ngamiani

Na viasi viliingia lini? Umesema mwanzo.

---

KaratasiKuukuu

Hapa ndipo hadithi inaponiuma zaidi dada.

Ufaransa walitangulia. Eugène Lefaucheux mwaka 1854 alitoa rivolva ya viasi vya shaba vyenye kipini kidogo kinachochomoza ubavuni, nyundo inakigonga kipini. Jeshi la majini la Ufaransa likaichukua 1858, likawa jeshi la kwanza kuwa na rivolva ya viasi vya chuma.

Marekani, fundi Rollin White alikuwa na wazo la silinda iliyotobolewa moja kwa moja, mbele hadi nyuma, ili kiasi kiingizwe kwa nyuma. Ukiisikia unasema si tundu tu? Ndiyo, tundu tu. Lakini aliliandikisha tarehe 3 Aprili 1855, na kuanzia hapo hakuna Mmarekani aliyeruhusiwa kutoboa silinda hivyo bila ruhusa. Horace Smith na Daniel Wesson wakalipia haki hiyo senti 25 kwa kila silaha, na mwaka 1857 hataza ya Colt ilipoisha wakatoa kidude chao cha risasi saba za inchi 0.22. Mkataba ulikuwa na sumu ndani: kazi ya kuwashtaki wanaoiba wazo ilikuwa ya White, kwa gharama zake. Smith na Wesson wakatajirika, senti za White zikaishia mahakamani.

Matokeo yake vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, wengi wa askari waliokuwa na rivolva walikuwa bado wanamimina baruti na kuvalisha fataki, wakati dawa ilikuwepo imefungiwa kwenye karatasi. Hataza ikaisha 1869. White akaomba bunge limwongezee muda, likakubali, lakini Rais Grant Januari 1870 akakataa kutia saini. Grant alikuwa jenerali wa vita ile ile.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Smith & Wesson wakatoa inayovunjika katikati ikatema maganda yote kwa pamoja, Urusi ikaagiza zaidi ya 100,000. Colt, mwenyewe akiwa alishafariki tangu 1862, kampuni yake ikatoa ile ya 1873 mnayoiona kwenye filamu. Uingereza ikaja na Webley mwaka 1887, ambayo babu zetu waliiona viunoni mwa maofisa wa Kiingereza vita ya 1914 ilipofika huku.

---

Fundi Gerezani

Mkuu kuna kitu kinanisumbua tangu mwanzo. Silinda na mtutu ni vipande viwili. Pale katikati moto hauvuji?

---

KaratasiKuukuu

Unavuja, Fundi. Mpaka leo unavuja. Mwanya ni mwembamba kama karatasi, lakini kila risasi inatoa moto pembeni. Kwenye bastola mkono uko nyuma, salama. Colt alipojaribu kutengeneza bunduki ndefu ya silinda, mkono wa kushoto unashika mbele ya mwanya, na askari hawakuipenda kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana niliomba mmkumbuke Collier. Mwaka 1895 Urusi ikachukua rivolva ya Léon Nagant, Mbelgiji, ya risasi saba. Ukiikoki, silinda haizunguki tu, inasogea mbele. Kiasi chake kimetengenezwa kirefu hadi kukifunika kichwa cha risasi, na mdomo wa ganda unaingia ndani ya mtutu ukaziba kabisa. Miaka 77 baada ya gumegume ya Collier, silinda ikaukumbatia mtutu tena.